Kitambaa cha pamba na joto la mtoto mchanga: kikavu humpasha, kibichi humpoza

Mama mjamzito anapokaribia kujifungua, kitu cha kwanza anachoanza kukusanya ni vitambaa. Doti za khanga, vitenge, shuka, nepi. Mama mkwe analeta vyake, dada analeta vyake, na vingine vinatoka kwenye sanduku la bibi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuvichagua, kuviandaa na kuvitumia vitambaa hivyo ili mtoto asipatwe na baridi, asizidiwe na joto na asidhurike na vitu vilivyojificha ndani ya nguo.

Yameandikwa na muuguzi wa afya ya jamii kwa ajili ya akina mama na walezi wa Gonja na vijiji vya Milima ya Upare. Mlezi wa mahali pengine pia atayafaidi.

Kwa kifupi

- Mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima.
- Kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana ni kizuri kwa mtoto, mradi kiwe kikavu.
- Kitambaa kibichi humpoza mtoto hata kama juu yake kuna blanketi tatu.
- Gusa kitambaa cha ndani kabisa, kile kinachogusa ngozi. Hicho ndicho kinachoamua.
- Usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kumpasha mtoto joto.

Asubuhi moja kliniki

Bibi mmoja aliteremka kutoka kijiji cha juu mlimani pamoja na binti yake na mjukuu wa siku sita. Walikuja kwa bodaboda, wakaondoka alfajiri ukungu ukiwa bado haujaondoka. Walipofika tambarare ya Gonja Maore jua lilikuwa tayari kali. Mtoto alikuwa amefungwa vitenge vitatu na blanketi.

"Shikamoo bibi," nilimwamkia. "Marahaba mwanangu. Huyu mtoto leo hataki kunyonya."

Nilifungua blanketi, kavu. Kitenge cha kwanza, kikavu. Cha pili, kikavu. Cha tatu, kile cha ndani, kilikuwa kimelowa mkojo kuanzia mgongoni hadi miguuni. Miguu ya mtoto ilikuwa baridi. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 35.8 za Selsiasi. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5.

Bibi alishangaa. "Mbona nimemfunika vizuri?" Na kweli alikuwa amemfunika vizuri. Ila safari nzima hakuna aliyefungua kuangalia ndani, kwa sababu kila mmoja aliogopa kumwachia mtoto baridi.

Tulimvua vitambaa vyote, tukamkausha, tukamvalisha kofia na nepi kavu, tukamweka kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, kisha tukawafunika wote wawili kwa kitenge kikavu. Baada ya saa moja na nusu alikuwa amefika nyuzi 36.6 na alikuwa ananyonya. Wakati wa kurudi nilimwambia bibi neno moja tu: "Njiani ingiza mkono ndani, uguse."

Kitambaa tunachozungumzia ni kipi?

Ni kitambaa cha pamba ambacho nyuzi zake za urefu na za upana zimepishana moja juu, moja chini, na zimebanwa pamoja sana. Ukikishika dhidi ya mwanga huoni matundu makubwa. Ni chepesi, laini, hakitelezi, na kinapitisha hewa kidogo kidogo. Khanga na kitenge cha pamba vimefumwa hivyo. Shuka nzuri za kitandani pia. Kwenye pakiti za baadhi ya shuka utaona neno percale, maana yake ni mfumo huu huu wa kubana, wenye nyuzi takriban 180 hadi 200 au zaidi katika kila inchi ya mraba.

Usihangaike kutafuta shuka iliyoandikwa nyuzi 1,000. Mara nyingi idadi kubwa kama hiyo hupatikana kwa kuhesabu nyuzi nyembamba zilizosokotwa pamoja kuwa uzi mmoja. Haina maana kwamba shuka hiyo ni bora kwa mtoto.

Kitambaa cha pamba si kigeni kwetu. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Salem, mji wa jimbo la Massachusetts, walikuwa wakileta Zanzibar pamba nyeupe isiyotiwa rangi. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said ulitiwa saini mwaka 1833. Watu wakakiita kitambaa hicho marekani, na jina limebaki hadi leo. Misafara ilikipeleka bara, na kilitumika kama fedha kununulia chakula na kulipia hongo ya njia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipokatiza biashara hiyo, vitambaa vya viwanda vya India vilichukua sehemu kubwa ya soko. Baada ya uhuru, Tanzania ilijenga viwanda vyake, kikiwemo cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1968 kwa msaada wa China. Pamba yetu yenyewe hulimwa zaidi Kanda ya Ziwa: Simiyu, Shinyanga, Mwanza na jirani zake.

Kwa nini kikavu hupasha na kibichi hupoza?

Kitambaa hakina moto ndani yake. Joto linatoka kwenye mwili wa mtoto. Kazi ya kitambaa ni kulizuia lisikimbie, na kinafanya hivyo kwa kushika hewa. Hewa iliyotulia kati ya nyuzi, na kati ya kitambaa kimoja na kingine, haipitishi joto kwa urahisi. Ndiyo maana vitambaa viwili vyepesi mara nyingi hupasha vizuri kuliko kimoja kizito. Na kwa kuwa nyuzi zimebanana, upepo wa mlimani haupenyi kuiondoa hewa hiyo.

Kitambaa kikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Tena maji yanapokauka, hunyonya joto ili yageuke mvuke, na joto lililo karibu ni la mwili wa mtoto. Ni kama unavyosikia baridi ukitoka kuoga kabla hujajifuta.

Pamba inapenda maji. Hata inapoonekana kavu, kilo moja ya pamba katika hewa ya kawaida hubeba takriban gramu 80 za unyevu. Kilo moja ya poliesta hubeba takriban gramu 4 tu. Hii ni faida na pia ni hatari:

- Faida: pamba hunyonya jasho, ngozi ya mtoto haibaki na unyevu, na vipele vya joto hupungua.
- Hatari: pamba hunyonya mkojo na kuushikilia, halafu hukauka polepole.

Kwa hiyo pamba ni rafiki wa mtoto kwa mlezi anayekagua mara kwa mara. Usipokagua, pamba hiyo hiyo itamwibia mtoto joto.

Utajuaje kama ni pamba kweli?

Vitenge vingi sokoni vinafanana kwa rangi lakini vimetengenezwa kwa poliesta au kwa mchanganyiko. Jaribu hivi:

1. Soma lebo kama ipo. Neno cotton maana yake ni pamba. Asilimia 100 ni pamba tupu.
2. Dondoshea tone la maji kwenye kitambaa kilichokwisha kufuliwa. Pamba hulinyonya haraka. Poliesta mara nyingi huliacha likae juu au liteleze.
3. Chomoa uzi mmoja au miwili pembeni, uchome nje ya nyumba mbali na watoto. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Usikiguse kikiwa moto.

Kama ulichonacho ni mchanganyiko, usikitupe. Kitumie kwa nje, na kile cha pamba kiguse ngozi ya mtoto.

Kuandaa vitambaa kabla ya kujifungua

*Fua kila kitu, hata kipya.* Khanga mpya ina wanga wa kiwandani unaoifanya iwe ngumu na isinyonye maji vizuri. Fua kwa sabuni angalau mara mbili, suuza hadi maji yawe meupe, anika juani. Khanga iliyokwisha kulainika kwa kufuliwa ni nzuri kwa mtoto kuliko iliyotoka dukani leo. Nguo za mitumba nazo zifue kabla hajazivaa.

*Weka vya kutosha.* Unahitaji vipande vya kumkaushia, vya kumfunika, na vya kubadilisha. Kwa mkoba wa kwenda kujifungulia, weka angalau vipande sita vikavu vya mtoto peke yake, pamoja na kofia na soksi. Doti moja ya khanga ukiikata inakupa vipande viwili. Usichanganye vya mama na vya mtoto. Vifunge kwenye mfuko safi ambao maji hayaingii, hasa kama safari yako ni ya bodaboda wakati wa mvua.

*Kata nyuzi zinazoning'inia.* Uzi mmoja wa pindo au unywele wa mama unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mkono au cha mguu cha mtoto, ukakaza na kuzuia damu. Mtoto akilia bila kunyamaza, kagua vidole vyote, na kwa mtoto wa kiume kagua pia uume. Ukiona uzi umezama kwenye ngozi na huwezi kuutoa kwa urahisi, nenda kituo cha afya mara moja.

*Jihadhari na vidonge vya nondo.* Hivi ni vidonge vyeupe vyenye harufu kali ambavyo watu huweka sandukuni ili nguo zisiliwe na wadudu. Vingi vina kemikali iitwayo nafthalini. Baadhi ya watoto huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huu ni wa kurithi na unapatikana sana katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria, ikiwemo nchi yetu. Mtoto wa namna hiyo akivikwa nguo yenye nafthalini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, akapungukiwa damu na kuwa wa manjano. Manjano ikizidi kwa mtoto mchanga inaweza kudhuru ubongo.

Huwezi kujua kwa macho kama mtoto ana upungufu huo. Kwa hiyo kanuni ni moja kwa watoto wote: nguo iliyokaa na vidonge vya nondo haimgusi mtoto mchanga. Usiweke vidonge hivyo chumbani kwake wala karibu na kitanda chake. Bibi akileta kitenge kutoka sandukuni, mshukuru kwa heshima, kisha nusa. Kikiwa na harufu hiyo, mama akivae baadaye mtoto akishakuwa mkubwa.

Saa za kwanza baada ya kuzaliwa

Mtoto anazaliwa akiwa amelowa. Hapo ndipo joto hushuka haraka kuliko wakati mwingine wowote.

- Akaushwe mara moja mwili mzima kwa kitambaa kikavu, pamoja na kichwa.
- Kitambaa kilichomkausha kiondolewe. Asifungwe tena kwa kitambaa hicho hicho.
- Awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi kwa angalau saa moja, avalishwe kofia, na wafunikwe pamoja kwa kitambaa kingine kikavu.
- Aanze kunyonya ndani ya saa hiyo ya kwanza.
- Asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Damu unaweza kuipangusa.
- Chumba kisiwe na upepo na kiwe na joto la nyuzi 25 au zaidi.

Kichwa cha mtoto mchanga ni sehemu kubwa ya mwili wake, ndiyo maana kofia si pambo. Nayo ikilowa, ibadilishe.

Mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 au kabla ya wakati anahitaji huduma ya kangaruu. Hubebwa kifuani akiwa na nepi, kofia na soksi tu, ngozi yake ikigusa ngozi ya mama, kisha hufungwa kwa khanga au kitenge ili asiteleze na shingo yake isipinde. Shirika la Afya Duniani linashauri huduma hii ianze mapema baada ya kuzaliwa na iendelee kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Baba, bibi au shangazi anaweza kumpokea mama akichoka. Mhudumu wa afya atakuonyesha jinsi ya kufunga.

Mlimani na tambarare: avae nguo ngapi?

Sisi wa Gonja tunaishi kwenye hali mbili za hewa. Juu, kuelekea misitu ya Shengena ambako kilele kinafika mita 2,462, asubuhi za Juni na Julai mtu mzima anavaa koti. Chini Maore, Ndungu na upande wa Mkomazi, mchana huo huo watu wanatafuta kivuli. Mtoto anaweza kupita hali zote mbili katika safari moja ya kliniki.

Kanuni rahisi: mtoto mchanga avae nguo moja au mbili zaidi ya zile unazovaa wewe mahali hapo hapo. Ukiteremka na ukavua sweta, mpunguzie naye. Ukipanda jioni na ukajitanda khanga, mwongezee naye.

Kumkagua hakuhitaji kipimajoto. Tumia mgongo wa mkono wako uliokauka:

- Miguu ina joto na tumbo lina joto: yuko vizuri.
- Miguu baridi, tumbo lina joto: ameanza kupata baridi. Badilisha kilicholowa, mweke kifuani, mwongezee kitambaa.
- Miguu baridi na tumbo baridi: hii ni hatari. Mweke ngozi kwa ngozi, mfunike, mnyonyeshe, na anza safari ya kituo cha afya akiwa kifuani.
- Shingo na mgongo vina jasho, uso mwekundu, anahangaika: amezidiwa na nguo. Mpunguzie. Akibaki wa moto baada ya kupunguza nguo, mpeleke kituo cha afya, inaweza kuwa homa.

Wakati wa kulala

Mlaze chali kwenye godoro lisilobonyea, lililotandikwa shuka ya pamba iliyokazwa vizuri. Usiweke mto wala lundo la vitambaa karibu na uso wake. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana kikilala juu ya pua, hewa anayovuta inakuwa ndogo, na mtoto mchanga hana nguvu za kukiondoa. Mfunike kuishia kifuani na uchomeke pembeni. Kama ni mbu au nzi unaogopa, tumia chandarua chenye dawa. Khanga iliyofunikwa usoni haifanyi kazi hiyo.

Usifunge miguu yake ikiwa imenyooka kama kifurushi. Mwache aikunje na kuitawanya. Kufunga miguu kwa kubana kunaweza kuharibu nyonga zake zinazoendelea kukomaa.

Kufua, kuanika na kupiga pasi

Nepi zenye kinyesi zisafishwe kwanza, kinyesi kiende chooni. Fua kwa sabuni, suuza vizuri, kwa sababu sabuni iliyobaki huwasha ngozi. Nawa mikono.

Anika kwenye kamba, juani. Usianike juu ya nyasi, vichaka au mchanga wenye kivuli. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizo kivulini na kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo. Mayai yakianguliwa, funza huingia kwenye ngozi ya mtoto na kufanya jipu lenye tundu dogo katikati. Ukiona jipu la namna hiyo usilikamue, nenda zahanati.

Pasi ya moto huua mayai na funza hao, na pia humalizia unyevu uliobaki. Pamba inavumilia pasi ya moto sana. Pitisha kwenye mapindo, mishono na mikanda, maana huko ndiko unyevu hujificha. Kama pasi yako ni ya mkaa, ipigie nje au mlango na madirisha yakiwa wazi, mtoto akiwa mbali.

Wakati wa masika na vuli, nguo za mlimani zinaweza kukaa siku mbili hazijakauka. Usidanganywe na vidole vyako vilivyozoea maji. Weka kitambaa shavuni au ndani ya kifundo cha mkono. Ukisikia ubaridi, bado ni kibichi. Zianike ndani penye hewa, mbali na moshi wa jikoni, kisha zimalizie kwa pasi.

Jiko la mkaa si heater

Naomba hili lisomwe taratibu. Baridi ikizidi, baadhi yetu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Watu hulala wasiamke. Mkaa ulioshika vizuri na usio na moshi unaoonekana bado unatoa sumu hiyo.

Joto salama zaidi kwa mtoto mchanga ni kifua cha mtu mzima, na juu yao kitambaa kikavu. Halina gharama na halizimiki usiku.

Kumbuka pia kwamba pamba huwaka haraka. Kitenge kinachoning'inia karibu na mafiga hushika moto ghafla. Mtoto akiungua, mwagilia sehemu hiyo maji safi ya baridi ya kawaida, si ya barafu, kwa dakika 20, huku sehemu nyingine za mwili zikiwa zimefunikwa zisipoe. Usipake dawa ya meno, asali, yai wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi kikavu na uende hospitali.

Nenda kituo cha afya haraka ukiona

- Hanyonyi au ananyonya kidogo sana
- Amelegea, hachezi mpaka aguswe
- Ana degedege
- Anapumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi
- Ni wa baridi na hapati joto hata kifuani, au joto lake ni chini ya nyuzi 35.5
- Ana joto la nyuzi 37.5 au zaidi baada ya kupunguziwa nguo
- Ana rangi ya manjano machoni, viganjani au kwenye nyayo
- Kitovu kina usaha, kinanuka, au ngozi inayokizunguka imekuwa nyekundu

Usisubiri siku ya kliniki. Mtoto mchanga hubadilika hali kwa saa chache.

Maswali tunayoulizwa

*Kitovu nikifunge kwa kitambaa?*
Hapana. Kiache wazi, kikavu na kisafi. Kunja nepi ikae chini yake ili mkojo usikifikie. Usiweke kitu chochote ambacho hukupewa na mhudumu wa afya.

*Pampasi au nepi za kitambaa?*
Zote zinafaa. Pampasi hushika mkojo mwingi, lakini nayo ina kikomo chake. Nepi ya kitambaa ibadilishwe kila ikilowa. Muhimu ni ngozi kuwa kavu.

*Nimefunga safari ndefu, nitambadilishaje njiani?*
Beba vipande viwili vikavu juu kabisa ya mkoba, si chini. Mbebe mtoto kifuani badala ya kumfungia peke yake kwenye blanketi. Kila mnaposimama, ingiza mkono uguse mgongo na nepi. Kubadilisha kunachukua dakika mbili. Baridi ya dakika mbili ni ndogo kuliko ya safari nzima ndani ya kitambaa kibichi.

*Sina uwezo wa kununua vipya.*
Huhitaji vipya. Khanga zako za zamani, safi na kavu, zinatosha. Gawa kubwa kuwa ndogo upate vya kubadilisha.

Kumbuka

Hesabu ya vitambaa haitoshi. Mtoto anaweza kuwa na vinne akapatwa na baridi, na mwingine mwenye viwili akalala vizuri. Tofauti ni kile kimoja kinachogusa ngozi yake. Kabla hujaongeza blanketi nyingine, ingiza mkono ndani, uguse.